Takwimu za ajira hazijapikwa, ila hazimwoni aliyepigwa kalamu

Mhariri,

Kila redio inapotangaza kwamba kampuni fulani imewapiga kalamu wafanyakazi, hapa Kondele hukosi mtu wa kuuliza: "Sasa zile ajira tunazoambiwa zimeongezeka ziko wapi?" Swali ni la haki, lakini majibu yanayotolewa hayatusaidii. Wa upande wa serikali hutaja idadi kisha wakanyamaza. Wapinzani wao husema takwimu zimepikwa, basi. Mimi nasema hazijapikwa. Zinahesabu kitu tofauti na kile tunachouliza.

Ripoti ya Uchumi ya mwaka 2025 kutoka KNBS, shirika la takwimu la taifa, ilisema nafasi mpya 782,300 zilipatikana mwaka 2024. Soma mstari unaofuata: 703,700 kati ya hizo, yaani tisa katika kila kumi, zilikuwa za jua kali, yaani vibarua na biashara ndogo zisizo rasmi. Zile za mshahara wa mwisho wa mwezi hazikufika 80,000 nchi nzima. Na hiyo hesabu ya jua kali ni makadirio. Hakuna karani aliyepita akihesabu vibanda vyote vya soko la Kibuye.

Nina jirani aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani. Alipokabidhiwa barua ya kuachishwa, alikaa nyumbani kwa muda, kisha akachukua pikipiki ya mtu kwa makubaliano ya kumpelekea mwenyewe pesa kila jioni. Alfajiri yuko stejini, kofia ya chuma mkononi, macho kwenye matatu zinazoshusha abiria. Siku ya mvua hupata wateja wawili watatu, na jioni anamwomba mwenye piki amvumilie hadi kesho. Kwenye vitabu, mtu huyu hakosi ajira. Yuko kazini, na pengine ni mmoja wa wale 703,700.

Hapo ndipo penye shida. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wa KNBS hufuata kanuni za Shirika la Kazi Duniani: ukiwa umefanya kazi ya malipo au faida walau saa moja katika siku saba zilizopita, umeajiriwa. Saa moja! Ndiyo maana nchi hii, ambayo karibu kila boma lina kijana mwenye cheti kabatini, iliandikiwa asilimia 4.9 ya ukosefu wa ajira katika robo ya mwisho ya 2022. Hata hivyo kipimo hicho si bure. Corona ilipofunga biashara, kiwango kilipanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya 2020 hadi 10.4 katika robo ya pili. Kwa hiyo mshtuko mkubwa kinauona. Kisichokiona ni mtu kushuka kutoka mshahara hadi kubangaiza.

Wapo wanaosema hata Marekani takwimu zinachezewa. Tarehe 1 Agosti 2025 ripoti yao ya mwezi Julai ilionyesha nafasi mpya 73,000 tu, na ikapunguza hesabu za Mei na Juni kwa jumla ya 258,000. Siku hiyo hiyo Rais Trump akamfuta kazi Erika McEntarfer, mkuu wa ofisi ya takwimu za kazi, akidai bila ushahidi kwamba hesabu zilipotoshwa. Lakini marekebisho kama hayo ni jambo la kila mwezi kule: hesabu ya kwanza hutoka kabla waajiri wote hawajajibu, na majibu ya waliochelewa yakiingia, inasahihishwa hadharani. Mimi ofisi inayojisahihisha mbele ya watu naiamini zaidi. Wenzetu, kwa ugomvi wao wote, wanagombania mwezi uliopita. Kwetu, KNBS hutupatia bei za bidhaa kila mwezi, lakini aliyeachishwa Januari 2024 tulisubiri hadi Mei 2025 kuisoma ripoti ya mwaka wake, na kufikia hapo keshapanda boda boda.

Ninachoomba si kigumu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amjulishe afisa wa leba wa eneo hilo, na chama cha wafanyakazi kama kipo, angalau mwezi mmoja kabla. Maana yake ni kwamba taarifa hizo zinatakiwa kufika katika ofisi za leba, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega. Wizara ya Leba izijumlishe na kuzichapisha kila mwezi, kwa kaunti na kwa sekta. Najua hesabu itakuwa pungufu, maana kibarua wa kutwa huambiwa tu langoni "kesho usije", na wa mkataba mfupi husubiri usasishwe mpaka achoke. Iandikwe hivyo hivyo, pamoja na upungufu wake.

KNBS nao, kila wanapotoa idadi ya ajira za jua kali, waweke kando yake saa za kazi na kipato. Na wewe mhariri, waziri akija tena kutangaza kwamba ajira zimeongezeka, naomba mwanahabari wako amuulize: za saa ngapi kwa wiki, na kwa pesa ngapi?

Msomaji wako,
Kondele, Kisumu