Nyumba iuzwe na nyufa zake

Bwana Mhariri,

Kila mwaka ifikapo mwezi wa saba, kurasa zenu za matangazo madogo hujaa nyumba za Bukavu ambazo zote, kwa mujibu wa wenye kuziuza, zimepakwa rangi upya. Nimeishi katika mji huu muda wa kutosha kujua kwa nini rangi hizo hupakwa kiangazi: lipu hukauka upesi, ukuta hauonyeshi unyevu, na nyufa hulala mpaka mvua za mwezi wa tisa zirudi kuziamsha. Naomba nafasi katika gazeti lenu nitetee jambo ambalo watu wengi huliona kuwa ni aibu au ni dalili ya kufilisika, yaani kuuza nyumba kama ilivyo, bila kuitengeneza, mradi mwenye kuiuza asifiche kitu.

Sisi ni watoto saba wa baba mmoja, na nyumba aliyotuachia ilikuwa katika komuni, yaani wilaya ya mji, ya Kadutu, kwenye mteremko, nyuma yake ukiwa ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia udongo wa jirani wa juu. Tetemeko la Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, lile la kipimo cha 5.9 ambalo wakazi wa mji huu wa rika letu hawajalisahau, liliacha ufa uliotoka kwenye pembe ya dirisha la sebule ukashuka mshazari hadi kwenye msingi. Marehemu baba aliuziba kwa saruji, ukafunguka. Akauziba mara ya pili, ukafunguka tena, kando kidogo ya pale pa mwanzo. Mabati yalikuwa na kutu, dari ya chumba kimoja ilikuwa imelegea, na mlango wa jikoni ulikuwa haufungi bila kuinuliwa.

Tulipokubaliana kuuza, alikuja komisioneri, kwa maana kwetu hakuna parseli, yaani kiwanja, inayobadilisha mikono bila hao madalali kunusa, akatuambia kwa upole: "Papa, nyumba ni kama bibi harusi, haitolewi nje bila kupambwa." Alipiga hesabu ya lipu, rangi na dari mpya ikafika dola 900, akaahidi kwamba bei ingepanda kwa dola 4,000. Dada yetu mkubwa, ambaye haongei sana, alimjibu kwamba bibi harusi huyo sisi tunaujua ugonjwa wake, na anayemwoa ana haki ya kuujua pia. Komisioneri alicheka, lakini hakurudi kwa muda wa wiki mbili.

Sababu yetu ya kwanza ya kutotengeneza ilikuwa ya kawaida, nayo ni fedha. Nyumba ya urithi ni ya warithi wote, mmoja wao hawezi kuiuza peke yake, na wakati watu saba wanangojeana kuona nani atatangulia kutoa fedha za mabati, mvua haiwangojei. Nazijua familia ambazo zimebishana juu ya matengenezo hadi kilichobaki cha kuuza kikawa ni kiwanja chenye mawe.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika mji wetu, kinachoitwa matengenezo mara nyingi si matengenezo. Bukavu imejengwa juu ya miteremko mikali ya udongo unaolainika kwa maji, na kuna sehemu, Funu ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, ambako mlima wenyewe unatambaa polepole pamoja na nyumba, ngazi na mitaro iliyo juu yake. Fundi anayeziba ufa wa nyumba iliyo mahali pa namna hiyo amefunika alama tu, kwa sababu kinachosogea kiko chini ya msingi, na mfuko wa saruji hauzuii kilima. Dola 900 zetu zisingeiponya nyumba ile. Zingemnyima mnunuzi kitu kimoja ambacho kingeweza kumwonya.

Sisemi kwamba kila ufa ni hatari, na hapa ningependa wasomaji wawe watulivu, kwa sababu wapo wanunuzi wanaokimbia nyumba nzuri kwa kuona mistari myembamba kama nywele juu ya lipu. Mistari hiyo kwa kawaida hutokana na lipu iliyokauka haraka, nayo haiendi mbali. Ufa wa kutiliwa shaka ni ule unaopita mshazari kutoka pembe za madirisha na milango, mpana upande mmoja kuliko mwingine, unaoonekana ndani na nje ya ukuta uleule, hasa ikiwa mlango ulio karibu nao umeanza kukwama. Fundi mmoja wa zamani alitufundisha njia isiyogharimu kitu: unapaka kibandiko chembamba cha plasta ya jasi juu ya ufa, unaandika tarehe juu yake, kisha unasubiri msimu wa mvua. Kibandiko kikikatika, ufa uko hai. Vibandiko vyetu vitatu tuliviacha ukutani na tarehe zake, viwili vikiwa vimekatika, na tulivionyesha kwa kila aliyekuja kuiangalia nyumba.

Kuhusu sheria, wengi huamini kwamba wakishaandika katika mkataba maneno "inauzwa kama ilivyo" basi wamejikinga na kila lawama. Sivyo. Kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia hapa Kongo, ambacho msingi wake ni dekreti, yaani amri ya kisheria, ya tarehe 30 Julai 1888, kinatofautisha kasoro inayoonekana na ile iliyofichika. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kujionea mwenyewe si deni la muuzaji. Kasoro iliyofichika ni deni lake hata kama yeye hakuijua, isipokuwa walikubaliana kwamba hatadaiwa, na makubaliano hayo hayamlindi aliyekuwa anaijua. Mnunuzi aliyepatwa na kasoro ya namna hiyo anaweza kuirudisha nyumba na kudai bei yake, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei, na muuzaji aliyeijua akanyamaza anadaiwa fidia juu yake. Kwa hiyo anayepiga lipu juu ya ufa ili usionekane ameibadilisha kasoro ya wazi, ambayo asingedaiwa, kuwa kasoro ya siri ambayo anaijua. Amelipa fundi ili ajitengenezee kesi.

Yamemkuta mdogo wangu upande wa pili. Alinunua nyumba katika komuni ya Ibanda mwezi wa nane, kuta nyeupe kama maziwa, na kabla ya Krismasi ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha kidole. Chini ya rangi palikuwa na saruji mpya, na chini ya saruji palikuwa na magazeti yaliyosokotwa. Aliyemwuzia alikuwa amekwisha kuhama mji. Sheria inataka mnunuzi adai bila kukawia, na mdogo wangu alipoteza miezi akimtafuta mtu badala ya kutafuta wakili.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema kwamba mwenye kuuza nyumba bila kuitengeneza hujitangaza kuwa ana shida, na mwenye shida hupunjwa. Ni kweli kwa sehemu. Wanunuzi wanne wa kwanza waliufanya ufa wetu mmoja kuwa sababu ya kupunguza bei mara tatu: mara moja kwa ufa, mara ya pili kwa msingi, mara ya tatu kwa huruma waliyodai kutufanyia. Dawa tuliyoipata ni kumwita fundi wetu wenyewe na kumwomba aandike, kitu kwa kitu, gharama ya mabati, ya dari na ya kujenga upya ukuta wa sebule. Tangu siku hiyo mjadala ulikuwa juu ya karatasi, na maneno ya shida yetu yalipungua.

Lakini yapo mambo ambayo hayauzwi "kama yalivyo". Waya wa umeme ulio uchi uondolewe kabla mtoto wa mgeni hajaushika. Hilo halihitaji mjadala. Na karatasi ziwe kamili. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya serikali, na tunachouziana ni haki ya kuukalia pamoja na kilichojengwa juu yake. Haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili. Ukuta wenye ufa unaweza kupangiwa bei, ila hati yenye jina la babu ambaye warithi wake hawajaelewana sijui ipangiwe bei gani. Sisi tulikaa mwaka mzima tukirekebisha karatasi huku mabati yakiendelea kuvuja, na sijutii mpangilio huo.

Aliyeinunua ni mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuja mwezi wa nne, mvua ikinyesha, akiwa na fundi wake na viatu vya mpira. Hakuangalia rangi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasimama chini ya ukuta wa mawe akatazama maji yanatokea wapi, kisha akauliza mfereji wa jirani wa juu unamwaga upande gani. Swali hilo hakuna mnunuzi aliyeliuliza kabla yake. Tuliandika katika mkataba orodha ya yote tuliyoyajua: ufa wa mwaka 2008 na mara mbili ulizozibwa, vibandiko viwili vilivyokatika, mabati, dari, mlango wa jikoni, na maji ya jirani. Orodha ilijaza ukurasa mmoja na nusu, na pande zote mbili zilitia sahihi chini ya kila ukurasa. Bei ilikuwa pungufu kwa dola 2,500 kuliko ile tuliyoiota mwanzoni.

Ombi langu kwenu, Bwana Mhariri, ni dogo. Mnapopokea tangazo la nyumba, mwulizeni anayeliwasilisha imepakwa rangi lini, na mwezi huo mwuchapishe pamoja na bei.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu,
Kadutu, Bukavu