Barua kwa mwanangu: litoe lile daftari kabatini

Mwanangu,

Mama yako kaniambia lile jibu limekuja, kwamba hadithi yako wameikataa kwa mistari miwili tu na asante juu, na toka siku hiyo daftari umelifungia kabatini hutaki hata kuliona. Sijakupigia simu manake mimi na wewe kwenye simu tunaishiaga kuulizana hali tu basi. Bora niandike.

Kwanza nikiri kitu. Mimi ndo nilikuwa nakwambia mambo ya vyombo vya anga na watu wa sayari nyingine hayana mpango, kasome. Sasa juzi nimeokota kile kitabu ulichokiacha hapa, A Wrinkle in Time, nikakifungua basi tu kupoteza muda, saa nane usiku bado nipo nacho. Kesho yake nikaanza kumtafuta mtandaoni kwa simu mwenyewe aliyekiandika, Madeleine L'Engle, nikasoma kila nilichokipata, na nimeona nikusimulie kwa sababu nahisi wewe umesoma kitabu ila yeye humjui.

Alizaliwa New York tarehe 29 Novemba 1918, mtoto pekee, hadithi ya kwanza kaandika ana miaka mitano. Shuleni walimu walimwona mzito wa kichwa, na mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa hiyo kwenye michezo kila timu ilimkwepa. Siku moja akashinda shindano la mashairi. Mwalimu wake akasema haiwezekani, huyu hana akili hizo, kanakili mahali. Unajua mama yake alifanya nini? Alibeba rundo la makaratasi ya mwanae, yale aliyokuwa anaandika muda ambao alitakiwa afanye homuweki, akaenda nayo mpaka shuleni akawaonyesha. Hapo niliweka simu chini kidogo. Nilijiuliza ingekuwa mimi ningebeba nini, manake makaratasi yako mimi nilikuwa nayaita uchafu wa mezani.

Baba yake naye alikuwa mwandishi, afya yake ilikuwa mbovu, akafariki 1936. Binti alikuwa bodingi huko Charleston, jimbo la South Carolina, akapanda treni kumuwahi baba hakumuwahi. Miaka kama 25 baadaye anaandika hadithi ya binti anayevuka anga kwenda kumtoa baba yake alikofungwa, na anampata. Mimi siyo mtaalamu wa vitabu lakini hilo halikunipita.

Alimaliza chuo, akaingia mambo ya tamthilia jukwaani, huko ndo akakutana na mumewe Hugh Franklin, muigizaji. Riwaya ya kwanza ikatoka 1945. Ungedhani hapo ndo katoka, kumbe. Wakahamia kijijini Goshen, jimbo la Connecticut, wakafungua duka la mahitaji ya nyumbani, watoto wanalea, duka linataka mtu, yeye anaandika usiku watoto wakishalala, na miaka hiyo ya hamsini karibu yote kila anachotuma kinarudi. Kilichokuwa kinamuuma zaidi ni kwamba alijiona anaiba muda wa familia kwa kazi isiyoingiza hela.

Sasa sikia siku aliyotimiza miaka 40, mwaka 1958. Siku hiyohiyo ya kuzaliwa mswada mwingine ukakataliwa. Akasema basi, hii ni ishara, niache nijifunze kuoka pai kama wanawake wengine. Akaifunika taipureta. Akawa anazunguka chumbani analia, kuzunguka huku na huku, mara anashtuka kumbe kichwani ameshaanza kupanga riwaya kuhusu mtu aliyeshindwa! Akaenda akaifunua. Mwenyewe ndo kasimulia hivyo, na hajasema alipata nguvu sijui kutoka wapi, hapana, kasema alielewa tu kwamba hata asipochapishwa tena maisha yake yote ataandika.

Mwaka uliofuata familia ikasafiri kwa gari kuivuka Marekani, wanalala kwenye mahema, na yeye kipindi hicho alikuwa anasoma vitabu vya wanafizikia akina Einstein na Planck, mambo ya muda na anga. Hadithi ya Meg, yule binti wa kwenye kitabu hiki anayemfuata baba yake, ikamjia safarini humo. Ile sehemu ya mdudu anayetembea juu ya kitambaa, kwamba ukikutanisha ncha mbili mdudu ameshafika bila kutembea, nilichukua shuka nikajaribu mwenyewe, mama yako akaniuliza kama niko sawa. Lakini iliyonishika kabisa ni ile sayari ya Camazotz, watoto mtaa mzima wanadunda mipira kwa mdundo mmoja, wote pamoja, halafu kale katoto kamoja mpira ukamponyoka na mama yake akaingiwa na hofu. Nimeirudia mara tatu. Yule mama mwenye hofu namjua.

Wachapishaji wakakikataa kitabu hicho, kwa uchache mara 26. Kigumu mno kwa watoto, cha ajabu mno, hakijulikani cha watoto au cha wakubwa. Mwisho rafiki wa mama yake akamkutanisha na John Farrar, mchapishaji, kikatoka 1962, nao wakamwonya asitegemee kitauza. 1963 kikapata tuzo ya Newbery, ile kubwa ya vitabu vya watoto huko Marekani. Baadaye kuna wazazi walitaka kitolewe kwenye maktaba za shule wakisema kina uchawi, na huyu ni mama wa kanisani kabisa, miaka na miaka alikuwa anatunza maktaba ya kanisa kuu la St. John the Divine pale New York. Aliandika vitabu zaidi ya 60, akafariki 2007 akiwa na miaka 88. Na nimesoma kwamba watoto wake walipokua hawakupenda namna alivyowaingiza vitabuni, kwa hiyo tafadhali mimi uniache nje, au nibadilishe angalau jina na kitambi.

Kingine. Nilipokuwa natafuta kitabu nimekuta na ile hadithi yako ya darasa la tano nyuma ya kabati, karatasi nne, ya tano haipo. Yule binti yuko mwezini, oksijeni inaisha, mlango wa chombo umegoma kufunguka, na karatasi imeishia hapo. Nimeipiga picha nakutumia. Niandikie alitokaje.

Baba yako