Barua kwa Binti Yangu Aliye Leipzig

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima na masomo yanaendelea. Umeniuliza kwa nini stesheni kuu ya huko ina kumbi mbili za kuingilia zinazofanana kama mapacha. Nami niliposomea Kijerumani katika Taasisi ya Herder, enzi za Ujerumani Mashariki, jambo hilo lilinishughulisha sana.

Reli ya Leipzig hadi Dresden, iliyokamilika mwaka 1839, ndiyo njia ya kwanza ya masafa marefu nchini Ujerumani. Baada yake kampuni nyingine zilifika mjini, kila moja ikajenga stesheni yake, hata abiria wa kuunganisha safari akalazimika kubeba mizigo kutoka stesheni moja hadi nyingine. Mwaka 1902 jiji lilikubaliana na serikali za Prusia na Saksonia, dola mbili ndani ya Ujerumani ya wakati huo zilizokuwa zikimiliki reli hizo, kwamba lijengwe jengo moja. Hakuna aliyekubali kuwa mgeni wa mwenzake. Ndiyo maana wasanifu William Lossow na Max Hans Kühne walichora jengo lenye uso wa mita 298, Prusia ikapewa upande wa magharibi wenye njia 1 hadi 13 na Saksonia upande wa mashariki wenye njia 14 hadi 26, kila upande na ukumbi wake, ngazi zake na vyumba vyake vya kungojea. Ulikuwa ukaidi wa watawala, nami naukebehi, ingawa sijaona stesheni nyingine inayonipendeza kama hiyo. Ilikamilika mwaka 1915, vita vikiwa vimeshapamba moto.

Tarehe 7 Julai 1944 mabomu ya Wamarekani yaliiangukia, na ukarabati uliendelea hadi katikati ya miaka ya 1960. Sisi tuliikuta kuta zake zimekuwa nyeusi kwa moshi wa makaa. Maduka unayoyaona chini ya ukumbi yalifunguliwa mwaka 1997.

Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni handaki la mwaka 2013. Awali treni yoyote iliyoingia ililazimika kutoka kwa njia ileile iliyojia. Sasa treni za mkoa hupita chini kwa chini hadi stesheni iitwayo ya Bavaria, iliyo humohumo Leipzig na iliyofunguliwa mwaka 1842. Kabla hujaenda huko, pita njia ya 24 uzione injini za zamani, kisha uniandikie kama ile ya mvuke ingalipo.

Ni mimi baba yako.