Risasi haijirushi yenyewe

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi na kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Juni 2024, ile lugha inatumika kukiwa na maandamano. Unasoma kijana "amepatwa na risasi". Amepatwa aje, kama mafua? Bunduki ilishikwa na mtu, na huyo mtu anakula mshahara wa kodi yetu. Lakini jiwe likirushwa, hapo mwenye jiwe anatajwa mstari wa kwanza. Yule muuza barakoa aliyepigwa risasi kichwani hapo Nairobi tarehe 17 Juni 2025, kwa karibu kabisa, watu wasingerekodi na simu si ajabu tungeambiwa ni risasi ilipotea njia.

Halafu wakubwa. 25 Juni 2024, Bunge limevamiwa, jioni Rais Ruto anatuambia ni uhaini na wahalifu wamejipanga, kesho yake huyo huyo anakataa kutia sahihi ule Mswada wa Fedha vijana walikuwa wanapinga. Sasa maiti za jana zilikuwa za wahaini au za watu waliokuwa na haki ya kulalamika? Na mwaka uliofuata, siku mbili tu baada ya maandamano ya Saba Saba, 7 Julai, wakati tume ya haki za binadamu KNCHR imeshahesabu wafu 31, Rais akasema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu. Mguu una mshipa mkubwa wa damu jamani, ule wa paja ukipasuliwa mtu anaweza kuisha dakika chache, na polisi mwenye hasira aliye kwa barabara hasikii "mguu", anasikia "piga". Kifungu cha 37 cha Katiba kinaruhusu maandamano ya amani bila silaha, na aliyechoma duka ana korti yake, atafutwe, ashtakiwe.

Nasema hivyo na nawahurumia sana wenye maduka, wale wa katikati ya mji wa Nairobi waliporwa 25 Juni 2025 wakabaki na madeni. Aliyevunja duka aitwe mwizi, sawa. Lakini aliyebeba bendera na chupa ya maji msimuweke kwa hilo fungu.

Hata sisi raia tuna makosa. Mimi Juni ile nilisambaza picha ya kijana amelala kwa damu, niliituma kwa grupu tatu nikiwa na uchungu, kumbe mamake alikuwa bado anampigia simu anadhani haishiki tu. Sijawahi kusahau hiyo. Na wale wanaandika "choma" wakiwa wamekaa kwa sofa mbali na vitoa machozi, nao waache, kuna mtoto wa mtu anaisoma na anatoka.

Ombi langu kwenu ni moja, mkijua nani alifyatua andikeni polisi alifyatua. Kama hamjui, andikeni bado haijulikani, na mwezi ujao mrudi muulize IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, imefika wapi.

Msomaji wenu,
Mombasa