Kabla ya kufomati kompyuta, tazameni kinachoamka nayo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na wenye kompyuta wa Lamu, hasa wenye saiba, walimu na makarani wa ofisi ndogo ndogo, kuhusu ugonjwa unaotibiwa kila siku kwa dawa isiyo yake. Kompyuta inawaka vizuri na kufika kwenye nywila bila taabu. Mtu akishaandika nywila, kila kitu kinakwama: menyu haifunguki, kishale kinazunguka, taa ya diski inawaka mfululizo dakika tano, hata kumi. Kisha inatulia yenyewe na kufanya kazi hadi kesho asubuhi. Mwenyewe huambiwa mashine imezeeka, au lazima ifomatiwe, yaani ifutwe yote na kuwekewa Windows upya. Walio kisiwani huivusha kwa boti hadi Mokowe, na kutoka hapo ikapelekwa kwa barabara Malindi au Mombasa. Hurudi safi, programu zile zile zinawekwa upya, na baada ya muda mfupi ugonjwa uko pale pale.

Kukwama baada ya nywila, wala si kabla, ni dalili inayojieleza. Windows imekwisha kuamka. Kinachoizuia ni programu zinazojiwasha chinichini mara mtu anapoingia, zote kwa wakati mmoja. Mashine iliyojaa vumbi na chumvi ya pwani kwenye feni huwa nzito kutwa nzima na hupata joto. Huo ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ni kufunguliwa na kusafishwa.

Laptopu nyingi za zamani zina diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mkono wake wa kusomea unaweza kuitikia maombi ya hapa na pale yapatayo mia moja kwa sekunde, mara nyingi pungufu. Programu kumi na tano zikiamka pamoja, kila moja ikidai faili zake, mkono unahangaika huku na huku, na wewe unayetaka kufungua barua moja tu unasimama nyuma ya foleni. Diski ya SSD, ambayo haina sahani wala mkono, huitikia maelfu kwa maelfu, ndiyo maana kompyuta yenye diski hiyo na programu zile zile haionyeshi dalili yoyote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumjua anayeila diski. Ingia, na papo hapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi, litafunguka. Kwenye Windows 10 ikija ndogo, bofya More details. Katika Processes, bofya neno Disk lililo juu ya safu yake ili mlaji mkubwa apande juu. Usifunge kitu. Andika majina matatu ya juu, ngoja dakika tatu, andika tena. Jina lililong'ang'ania juu ndilo la kushughulikia. Tazama pia Memory: ikiwa imepita asilimia 90 kwenye mashine ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4, Windows inahamishia kazi za RAM kwenye diski, na hapo kupunguza programu kutasaidia maradufu.

Asilimia 100 kwenye safu ya Disk haimaanishi data nyingi inasomwa. Inaonyesha tu kwamba diski haipumziki. Ikiwa inabaki 100 kutwa nzima huku MB zinazosomwa hazifiki hata moja kwa sekunde, diski huenda inakufa. Nakili picha, hati na hesabu zako mahali pengine kwanza, kabla ya fundi yeyote kuigusa. Kufomati diski ya aina hiyo ni kupoteza data na pesa kwa pamoja.

Ukishapata majina, nenda palipoandikwa Startup, ambapo kwenye Windows 11 pameandikwa Startup apps. Safu ya Startup impact inapima uzito wa kila programu wakati wa kuwaka: High ni ile inayotumia zaidi ya sekunde moja ya CPU (ubongo wa kompyuta) au zaidi ya MB 3 za kusoma na kuandika kwenye diski. Bofya jina kwa kitufe cha kulia, chagua Disable. Hapo hujafuta programu, itafunguka utakapoihitaji. Programu za soga, za muziki, na zile za printa zinazotafuta matoleo mapya, zizime bila wasiwasi. Sauti, padi ya kugusa na Windows Security ziache. Kisha jaribu kwa Restart. Usitumie Shut down, kwa sababu Windows 10 na 11 zina Fast Startup, ambayo ukizima kompyuta huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha kesho yake. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Na usihukumu kwa mara ya kwanza. Rudia mara ya pili.

Ikiwa bado nzito, fungua akaunti mpya ya mtumiaji na uingie nayo. Ikiwa nyepesi, tatizo limo ndani ya akaunti yako tu, na umeokoa nusu ya kazi. Ikiwa nzito vile vile, lipo kwenye mfumo mzima. Hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, nenda Services, na kabla ya jambo lolote weka alama kwenye Hide all Microsoft services. Wanaoruka hatua hii huzima huduma za Windows zenyewe, wakajikuta hawana intaneti wala sauti. Zilizobaki zima nusu, Restart, tazama. Ikipona, mkosaji yumo katika nusu uliyozima, igawe tena. Programu nyingine hujificha kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kazi zinazojiendesha zenyewe, zikiwa na kichocheo cha At log on, yaani mtu anapoingia. Usipotaka kuiondoa programu kabisa, fungua kichocheo hicho ukipe ucheleweshaji wa dakika moja au zaidi, upate nafasi ya kuanza kazi yako kwanza.

Wenye saiba tunawaomba wasome hapa kwa makini. Katika mashine zinazochomekwa flashi za kila mteja, jina linalokuja mara kwa mara ni wscript.exe. Hilo lenyewe ni la Windows, usilifute. Linatumiwa na kirusi cha flashi, kile kinachoficha mafaili ya mteja na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Kirusi hicho hujinakili kwenye folda ya Startup na huzunguka chinichini kikichungulia kama flashi nyingine imechomekwa. Toa flashi zote. Kwenye Task Manager maliza wscript.exe. Katika Startup, bofya vichwa vya safu kwa kitufe cha kulia na uongeze Command line, uone kila programu inaitwa kutoka wapi. Inayotoka AppData au Temp na kuishia na .vbs ndiyo hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, futa faili hilo. Rudia kwa shell:common startup. Kisha fanya ukaguzi wa Microsoft Defender Offline (Defender ni antivairasi ya Windows yenyewe), ambao huiwasha kompyuta upya na kuikagua kabla kirusi hakijaamka. Mafaili ya mteja hayajapotea, yamefichwa tu. Flashi ikiwa herufi E, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nayo yatarudi machoni. Usimfomatie mteja flashi yake kabla ya hapo.

Ofisi zenye folda ya pamoja zina mtego wao. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta hutangulia kuwaka kuliko ruta au ile mashine yenye folda. Ukiingia, Windows inaitafuta na kuisubiri, na wewe unasubiri nayo. Andika net use kwenye Command Prompt. Ukiona herufi ya folda isiyotumika tena, mfano Z, iondoe kwa net use Z: /delete.

Antivairasi mbili kwenye mashine moja zinakaguana faili kwa faili. Baki na moja. Na kompyuta iliyolala wiki nzima, siku ya kwanza Windows Update na Defender zitafanya kazi zao. Iache iwake, ichomekwe umeme, hadi zimalize. Anayetumia bando aweke mtandao wake kuwa Metered connection, ili masasisho makubwa yasimnyang'anye MB asubuhi.

Ndiyo sababu tunapinga kufomati kuwe jibu la kwanza. Windows iliyowekwa upya kutoka nakala ya zamani huanza kupakua masasisho yote, kuorodhesha mafaili yote na kuyakagua upya, kwa hiyo siku za mwanzo huwa nzito zaidi. Na mashine za Windows 10 zilikwisha kukoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuirudisha ile ile hakuongezi kitu.

Kwa mafundi wenzetu wa Lamu na Malindi, ombi letu ni hili: mwandikieni mteja kwenye risiti jina la programu mliyoizima na mahali ilipokuwa inaanzia. Ikirudi, fundi atakayeipokea ataanzia hapo.

Mafundi wa kompyuta,
Langoni, Lamu