Barua kwa mwanangu: Baba yako usimhamishe

Mwanangu Shabani,

Assalaam alaykum. Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Ukishasema "mama, huku Dar kuna wataalamu", kwako yamekwisha. Kwangu bado.

Usimhamishe baba yako sasa. Najua uwezo unao, na tangu uanze kazi dawa hazijakosekana humu ndani, Mungu akuzidishie. Lakini huyu binti anayemfanyisha mazoezi ya kusema, tangu kiharusi kimnyang'anye maneno, hakupokewa siku moja. Alipoanza kuja, baba yako alimgeuzia uso ukutani. Akionyeshwa picha ya kikombe, ya kuku, anazisukuma kwa mkono wa kushoto. Mtu aliyesimamia vibarua bandarini, leo aulizwe kuku! Binti akazirudisha mkobani. Safari nyingine kaja na picha ya tishari, kile chombo cha kubebea shehena bandarini: "Mzee, mimi mtu wa bara, hiki mnakiitaje?" Kisha akanyamaza. Kimya kile kilinishinda, nikafungua mdomo nijibu, akaniinulia kidole. Jasho lilimtoka baba yako. "Ti... tisha... tishari." Tangu hapo picha anachagua mzee, na akichoka hufunga daftari mwenyewe, binti akaaga bila kinyongo. Huyo wa Dar atayajua lini hayo?

Na wewe ukawaambia shangazi zako kwamba mzee anajifanya, eti mbona Alhamdu anaisoma yote na maji hawezi kuomba. Yalimfikia. Akili yake iko palepale, Shabani, na maneno kama hayo anayaelewa vizuri sana. Binti kanieleza kwamba yaliyozoeleka ulimini, kama sala, kuhesabu na nyimbo, mara nyingi hubaki hata kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio wenye kazi ya lugha. Ndio huohuo uliomlaza mkono wa kulia. Karibu theluthi ya wanaopata kiharusi hupata shida hii ya kupotelewa na maneno, si baba yako peke yake. Akatusimulia na habari za Broca, daktari wa Paris, ambaye mwaka 1861 alikuwa na mgonjwa aliyebakiwa na neno "tan" tu. Baba yako alicheka mpaka machozi, labda alidhani Mfaransa naye kwao Tanga.

Hayo ya kwamba miezi sita ikipita hakuna faida tena, nani kakuambia? Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, ni kweli, lakini wapo wanaozidi kupata maneno hata baada ya miaka. Sasa ndiyo kwanza kamwamini mtu, wewe unataka umtoe mikononi mwake!

Ukija, usimmalizie neno. Zima redio, kaa mbele yake, uliza jambo moja la ndiyo au hapana, ungoje. Najua wewe na kungoja hamjuani. Hiyo umeirithi kwangu, baba yako hakuwa hivyo.

Machungwa ya Muheza nimeyapakia kwenye basi la asubuhi, kapokee stendi mapema, na mama watoto asiyamalizie kwa majirani. Shati lako jeupe lipo huku, nimelifua.

Usimhamishe, baba. Hiyo pesa ya kumhamishia kama bado ipo, bati la jikoni linavuja, na nauli ya binti ya mwezi huu sijampa.

Mama yako