Wimbo ule wa Uhuru Park

Shoga yangu Rehema,

Salamu kutoka Nairobi. Umeniuliza mbona huku hatuandamani bila wimbo, na swali lako limenikaa moyoni siku tatu.

Nimerudi Uhuru Park ya 30 Desemba 2002. Nilikuwa nimebanwa na watu hata mkono siwezi kuuinua. Ubavuni pangu mama mmoja, kitambaa cha kwaya kichwani, macho kayafumba, anaimba "Yote yawezekana". Ule ule wa kanisani, ila penye "kwa imani" yeye na umati mzima wakatia "bila Moi". Mwenyewe Moi alikuwa pale pale jukwaani, akimkabidhi Kibaki nchi baada ya miaka 24. Mama yule aliimba kama anayesali, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

Hakuna aliyetufundisha wimbo ule siku hiyo. Kila mtu alitoka nao kwao. Mwaka 1990, vuguvugu la vyama vingi lilipopamba moto, polisi waliwakamata wauzaji wa kaseti za nyimbo za siasa na kuzizoa. Wimbo ambao mtu amekua nao tangu shule ya Jumapili utauzoa wapi?

Wimbo "Unbwogable" nao ni wa mwaka ule ule wa 2002. Gidi Gidi na Maji Maji walichukua neno la Kijaluo, bwogo, la kutisha, wakajitia moyo kwamba hawatishiki. NARC, muungano wa vyama uliomsimamisha Kibaki, wakaubeba hadi ushindi.

Na Juni 2024 vijana walipoupinga Mswada wa Fedha, walishika "Anguka Nayo" wa Wadagliz, wimbo wa kucheza tu, hauna habari na kodi! Wakauimba katikati ya moshi wa vitoa machozi. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na wengine hawakurudi kwao. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi mswada.

Lakini, Rehema, wimbo ukishapita barabarani haurudi ulivyokuwa. Jumapili iliyopita kwaya yetu iliimba "Yote yawezekana". Tulipofika kwenye "kwa imani", nikawaona wa rika langu wanatazamana. Nami sauti ilinikwama, nikamkumbuka mama yule wa kitambaa.

Watoto waliocheza "Anguka Nayo" kwenye sherehe za kuzaliwa, sasa wakiusikia wengine huketi chini. Binti yangu ni mmoja wao. Sijamuuliza, nangoja aseme mwenyewe.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Zawadi